Mwalimu wa Ghalani na Mbegu Aliyoninyima

Mtu huyu nilimwomba mbegu akaninyima. Sizungumzii mbegu ya mahindi. Nilimwomba mbegu ya kiume ili mke wangu apate mtoto, naye akaninyima kwa adabu, akaninywesha chai, akanirudisha nyumbani na barua yangu mkononi. Watu wengi walioninyima vitu nimeshawasahau. Huyu simsahau, ndiyo maana namwandika.

Jina lake silitaji. Alikotoka alinieleza, mbali huko upande wa ziwa, na ukoo wake haunihusu. Sisi tulimwita Mwalimu wa Ghalani, kwa sababu Mwalimu bila nyongeza alikuwa mmoja nchi nzima, na huyu wetu alifundishia ndani ya ghala la mazao, kati ya magunia, hapa Masakta. Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa mstari kama watu wanaosubiri chanjo, na shule haijaezekwa. Serikali ikasema kila mtu mzima ajue kusoma. Ikamleta yeye.

Mimi shule sikwenda. Nilichunga ng'ombe wa watu, nikajifunza kugonga chuma kwa kumtazama fundi mmoja aliyekuwa ananifukuza, nikawa fundi wa plau na mikokoteni. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo nilipoambiwa nikakae juu ya gunia nifundishwe a, e, i, o, u na mtu anayeogopa ng'ombe, nilikwenda kwa dharau.

Aliogopa ng'ombe kweli, sisingizii. Mfugaji akipita na mifugo yake, Mwalimu alikuwa anaingia kwenye nyumba yoyote iliyo karibu, anaamkia, anauliza habari za watoto, anakaa mpaka kwato zimalizike. Nyumba nyingi zilidhani ni mtu mwenye upendo sana. Alivaa koti la mvua kiangazi na masika, na alipenda sukari kiasi kwamba ukimkaribisha chai unaficha kopo. Alimwamkia shikamoo kila aliyemzidi umri, hata mlevi aliyelala kwenye mtaro. Mlevi asipoitikia, alisimama pale pale mpaka aitikiwe.

Kusoma alitufundisha haraka, kwa sababu kusoma kwenyewe hakukumpendeza. Alichokitaka ni kile cha baadaye. Siku moja alikuja na vibakuli viwili, kimoja cha maharage, kingine cha punje za mahindi, akavimwaga juu ya gunia.

"Sasa mnajua kusoma," alisema. "Mmeingia hatarini. Zamani aliyetaka kuwadanganya ilibidi aje mwenyewe hapa, mumtazame usoni. Sasa atatuma karatasi."

Kazi yake ilikuwa hivi. Anasoma maandishi sentensi moja moja. Sentensi ikikupa sababu, unaweka harage. Ikikusukuma tu, iwe kwa kukutisha, kukusifu, kukuliza au kukutukania adui, unaweka punje ya hindi. Mwisho mnatazama mmebaki na nini. Na aliposoma, alisoma kwa sauti kavu, kama karani anayetaja namba za magunia. "Sauti ni sukari," alikuwa akisema. "Iondoe kwanza, uonje chai." Hilo lilinichekesha, maana yeye mwenyewe chai isiyo na sukari hakuigusa.

Alianza na hotuba ya mwenyekiti wa kijiji kuhusu kuchimba vyoo. Maharage mawili, punje arobaini. Mwenyekiti akasikia, akaja ghalani amevimba, akaambiwa akae kwenye gunia asomewe hotuba yake kwa sauti ya karani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu anaongea sana." Mkutano uliofuata alihutubu kwa muda mfupi hivi kwamba watu wakaulizana kama anaumwa.

Bibi mmoja pale darasani, mwenye ulimi mkali kuliko panga langu, alikuwa anaona sababu kila mahali. Tangazo la dawa ya minyoo, harage. Salamu za mkuu wa wilaya, harage. Mwalimu alisumbuka naye wiki nzima, mpaka siku alipoinuka na maharage yakadondoka kutoka kwenye kanga yake.

"Bibi, maharage haya yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda kuiva, mwanangu. Wewe ulitaka yabaki hapa yanasoma?"

Tangu siku hiyo alihesabu vibakuli vyake kabla na baada ya darasa. Mtu aliyefundisha kutomwamini anayeandika ikabidi ajifunze kutomwamini anayesoma.

Sasa nisije nikakuuzia malaika. Mtu huyu, kwenye karatasi, hakuna aliyemweza. Kwa mdomo, mtoto wa darasa la kwanza angemuuzia kivuli. Mnadani Katesh alinunua mbuzi kipofu. Muuzaji alimwambia, "Mwalimu, wewe ni msomi, unaona mwenyewe huyu mbuzi alivyotulia, hashtuki." Akalipa. Alipofika nyumbani mbuzi akagonga mlango uliofungwa, akarudi nyuma, akagonga tena. Nilipomuuliza kwa nini hakuweka punje za mahindi kichwani mwake pale pale mnadani, alisema, "Fundi, mtu akinitazama machoni sijui kuhesabu." Alijua ugonjwa wake. Ndiyo maana jambo lolote zito alikataa kulisikia kwa mdomo. Alikuambia, "Andika."

Likaja lile gazeti. Lilikuwa la kila mwezi, lilitoka mjini, likatufikia limechelewa, limefungiwa jembe. Ndani yake mlikuwa na makala kuhusu Ulaya, kwamba huko mwanamume asiye na mbegu, daktari humpa mkewe mbegu ya mwanamume mwingine, tena wasiyemjua. Aliyeandika aliikataa habari hiyo kwa hasira, na chini alijiita Mzazi Mwenye Uchungu. Mwalimu alituletea. Vibakuli vikatoka.

Akasoma kwa ile sauti yake: "'Sisi sote twajua kwamba mtoto wa namna hii hawezi kutulia duniani.'"

"Sisi sote akina nani?" bibi akauliza. "Mimi sijui."

"Basi weka punje, bibi. 'Je, wewe msomaji, ungekubali mgeni aingie apande shambani mwako?' Hapo ameuliza au amejibu?"

"Amejibu," nikasema. "Kauliza kwa namna ambayo ukisema ndiyo unakuwa mjinga."

"Punje. 'Mwanamume atoaye mbegu yake ni dume la kuazima.'"

"Dume la kuazima lina ubaya gani?" bibi akasema. "Hili la kijiji tumeletewa na bwana mifugo, hatukuulizwa, na maziwa ya ndama wake unakunywa wewe, tena na sukari."

Ghala zima likacheka. Mwalimu alingoja tumalize. "Mmeona," alisema. "Mtu ametukanwa kabla sababu haijafika. Ukishamwita dume huhitaji tena kumsikiliza." Tukaenda hivyo mpaka chini. Punje zikajaa juu ya gunia. Harage lilikuwa moja tu, karibu na mwisho, pale mwandishi aliposema kwamba mtoaji hajui kama siku moja atatamani kumwona mtoto. Bibi aliliweka hilo mwenyewe, na safari hii hakulichukua.

Toleo lililofuata daktari fulani alijibu. Huyo aliiita mbegu zawadi, akasema wataalamu wamekubaliana, akasema hakuna anayeumia. Sisi, kwa kuwa alikuwa mpole, tulimimina maharage. Mwalimu alituachia tumimine, kisha akaanza kuyaondoa moja moja. "Zawadi ni jina. Yule alisema dume, huyu anasema zawadi, wote wamebandika jina. Wataalamu ni nani? Hawatajwi. Hakuna anayeumia. Amemuuliza mtoto? Amemuuliza mama?" Yakabaki matatu. "Huyu naye anasukuma," alisema, "ila ana mkono laini. Muogopeni zaidi."

Mimi siku hizo mbili nilicheka kidogo kuliko wote. Sababu yake sasa naiandika bila haya, maana haya nimeshaimaliza.

Tulikuwa tumekaa na mke wangu miaka saba bila mtoto. Ndugu zangu walishaamua kuwa tatizo ni yeye. Shangazi yangu alimwita gunia tupu, mbele ya watu, akiwa anakula chakula alichopika huyo gunia tupu. Walitaka nimrudishe kwao nioe mwingine. Nami, bila kumwambia mtu, nilikwenda hospitali. Daktari alinipa kikopo na kunionyesha mlango. Habari za humo chumbani nakuachia. Alipomaliza kupima aliniuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi. Niliugua nikiwa kijana, mashavu na kule chini pia, nikalala wiki mbili. Akasema basi ndiyo hiyo, mbegu hakuna, na haitakuwepo.

Nilirudi nyumbani nikanyamaza. Miezi miwili. Shangazi akaendelea kutukana, mimi nikaendelea kula. Wanaume wengi wa umri wangu watasoma hapa wajifanye wanashangaa.

Lile gazeti ndilo lililonipa wazo. Ulaya wana daktari, mimi nina Mwalimu. Ana akili, ni mgeni, atahamishwa. Nilimfuata saa tisa mchana akiwa anafagia ghala, nikaanza kumweleza. Aliinua mkono.

"Ni jambo zito?"

"Zito."

"Basi usiniambie. Kwa mdomo utanishinda. Kaandike."

Niliandika siku nne. Mimi ambaye plau naimaliza kwa siku moja. Ilikuwa barua ya kwanza maishani mwangu, na nilijua kila hila iliyomo kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha. Nikampelekea. Akachemsha chai, akafunga mlango wa ghala, akatoa vibakuli. Nilidhani anatania.

"'Wewe ni msomi kupita wote katika wilaya hii,'" alisoma kwa sauti ya karani. Punje. "'Nikifa bila mtoto jina langu litafutika kama moshi.'" Punje. "'Rafiki wa kweli hanyimi.'" Akanitazama, akaweka punje mbili. Tukaenda hivyo, jasho linanitoka, mpaka akafika pale nilipoandika: "'Wewe ni mgeni hapa, utahamishwa, hutamwona tena mtoto na hakuna atakayejua.'"

Hapo aliiweka barua chini. Kisha akachukua harage, akaliweka katikati ya gunia.

"Hii ni sababu," alisema. "Ndiyo pekee uliyonayo, Fundi. Na ni mbaya kuliko punje zote."

"Mbaya kwa nini?"

"Sababu inaweza kuwa sababu na bado ikawa mbaya. Hilo sikuwafundisha. Nilikuwa naliogopa."

Ndipo akanieleza. Huko kwao alikuwa na rafiki, walisoma pamoja, na rafiki huyo alimwomba kile kile nilichoomba mimi. Alimwomba kwa mdomo, anamtazama machoni. Akakubali. Alizaliwa mtoto wa kiume. Walikuwa wameahidiana kwamba mambo yameishia pale, lakini yeye kila mwaka akawa anapita, analeta daftari, analeta shati, anakaa kidogo kuliko alivyotaka. Mwaka wa tano alikuta nyumba imefungwa. Wamehama, na hakuna jirani aliyekubali kumwambia walikwenda wapi.

"Makala ile niliiandika mimi," alisema.

"Ile ya dume la kuazima?"

"Ile ile."

"Ukatuacha tukuchanechane?"

"Nilitaka kujua kama kuna kitu ndani yake zaidi ya kilio changu. Mlikuta harage moja. Inatosha."

Niliona aibu kwa niaba yake, kisha kwa niaba yangu. Lakini yeye hakuwa amemaliza. Alinirudishia barua.

"Mke wako yuko sentensi ya ngapi?"

Nilitafuta. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Shamba lilikuwepo, jina langu lilikuwepo mara sita, plau ilikuwepo, hospitali ilikuwepo.

"Hayumo," nikasema.

"Anajua ulikwenda hospitali?"

Niliikunja barua. Akanimiminia chai nyingine, akaweka sukari yake mwenyewe vijiko vitatu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu. "Mimi sikupi," alisema. "Siyo kwamba ni dhambi, hilo wenye dini watalisemea. Sikupi kwa sababu unanitaka mimi kwa kuwa nitaondoka. Na mimi nimeshaonja kuondolewa. Nenda nyumbani."

Nilikwenda. Mke wangu alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maneno yote kwa mfululizo, hospitali, kikopo, matubwitubwi. Hakuacha kupukuchua.

"Tangu lini unajua?"

"Miezi miwili."

"Jumapili shangazi yako aliponiita gunia tupu ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Uliongezwa mboga."

"Niliongezwa."

Alimaliza hindi alilokuwa nalo mkononi, akainuka, akaenda kwao. Alikaa siku tisa. Nilijifunza kupika ugali ambao hata mbwa aliunusa akafikiri kwanza. Siku ya kumi alirudi, hakuweka mzigo chini, akasimama mlangoni. "Waite ndugu zako. Useme mwenyewe, kwa mdomo wako, mimi nikiwepo. Kisha tutaona kama naingia."

Niliwaita. Nimegonga chuma miaka yangu yote lakini kazi ngumu kama ile sijapata. Shangazi alisema daktari ni mwongo. Nikamwambia, "Shangazi, kikopo nilikishika mimi." Mara ya kwanza maishani mwake akaomba kuondoka mapema.

Mke wangu akaingia, akaweka mzigo. Jioni ile ile nikamwambia habari ya Mwalimu, nikidhani nimejisafisha sasa naweza kusema yote. Aliacha kufungua mzigo.

"Yule anaogopa ng'ombe," alisema. "Ulitaka nizae mtoto anayeogopa ng'ombe, hapa? Angekula nini?"

Tulicheka. Kicheko kile ndicho kilichotuokoa, zaidi ya maombi ya mtu yeyote. Wa kutupa mbegu mke wangu alimchagua mwenyewe, mwaka uliofuata, mfugaji mmoja wa kule Dirma, mtu mtulivu, mwenye wake na watoto wake, tuliyefahamiana naye kwa mambo ya mikokoteni. Tulikaa mchana kweupe, mimi, mke wangu, yeye na mke wake mkubwa, tukaongea mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Mambo mengine yalikwendaje, si kazi yako. Tulipata binti.

Mwalimu hakumwona. Alihamishwa mke wangu akiwa na mimba ya miezi minne. Alipanda lori la kijiji na koti lake la mvua, jua kali, akampa bibi vile vibakuli viwili, na bibi akauliza maharage yako wapi.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa Katesh, stendi, binti yangu akiwa darasa la tano, miaka ile sabuni ilikuwa haba madukani na suruali zetu zilikuwa na viraka juu ya viraka. Nilikuwa nimempeleka mtoto kupima macho. Nikamwona mzee mwembamba kakaa juu ya begi lake, anasoma kipande cha gazeti kilichofungia vitumbua. Nilimtambua kwa midomo. Alikuwa anasoma kwa ile sauti ya karani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akainua kichwa. "Fundi wewe. Umenenepa."

Alikuwa anapita tu, amestaafu, anarudi kwao. Nikamsukuma binti mbele, akamwamkia vizuri, kisha akaomba kwenda kutazama vioo vya basi. Mwalimu alimfuata kwa macho. Yule mtoto alikuwa mrefu, ana mwendo wa watu wa Dirma, usingeweza kusema ni wangu hata ukiwa umelewa. Alijua na yeye. Tulishamwambia alipoanza kuuliza kwa nini hafanani na mtu yeyote kwetu.

"Yule mwenye mbegu yupo?" Mwalimu aliuliza taratibu.

"Yupo Dirma."

"Huja?"

"Huja. Wakati wa mavuno hasa. Anakaa, anakunywa chai, anamletea mtoto maziwa ya mgando. Mtoto anamwita baba mdogo."

"Hilo halikuumi?"

"Linaniuma kidogo wakicheka pamoja. Kisha linapita."

Aliikunja ile karatasi ya vitumbua mara mbili, mara nne, ikawa ndogo kama stempu. Makonda walikuwa wanapiga kelele, na binti yangu alikuwa anajitazama kwenye kioo cha basi, anageuza shingo.

"Na hukuhama," alisema.

"Nihame niende wapi, Mwalimu? Nyumba nimeijenga mwenyewe."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu, kama mtu anayehesabu. Kisha akavuta kofia ya koti lake la mvua mpaka machoni, na mvua ilikuwa hainyeshi, nami nikageukia upande wa basi nikamwacha akae hivyo mpaka awe tayari.